Siku Jua Liliposogeza Mpaka

Asubuhi ile shangazi yangu wa Biharamulo alituma ujumbe kwenye kundi la simu la ukoo. Ulikuwa ule ule unaozunguka kila mwaka: leo kuna miale ya angani inapita karibu na dunia, zimeni simu, msilale nazo karibu na kichwa, watumieni na wengine mnaowapenda. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya chumba nilichopanga Kirushya, wilayani Ngara, nikingoja kipimo changu cha mashamba kijae chaji, na nikaona ni lazima nimjibu. Nilimuuliza, mbele ya ukoo mzima, miale hiyo imepimwa na nani, kwa chombo gani, na kwa nini kila mwaka inachagua kupita usiku. Nikamalizia kwa kumwomba asiwe anatuma kila kinachomfikia. Mjomba mmoja aliweka alama za kicheko.

Nilipanda pikipiki nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Wakati huo nilikuwa na mkataba wa miezi minne wa kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Nilisoma jiografia chuo kikuu, nikarudi nyumbani nikakaa bila kazi zaidi ya mwaka, kwa hiyo kazi ile niliishika kwa mikono miwili. Chombo chenyewe kilikuwa kipokezi kidogo kinachokaa juu ya fimbo, kinasikiliza setilaiti na kupeleka namba kwenye simu. Kila asubuhi kabla ya kuanza, na kila mchana kabla ya kuendelea, kanuni ilinitaka nikipeleke kwenye nguzo ya zege iliyoko uwanja wa shule ya msingi, ambayo mahali pake panajulikana kwa usahihi, nihakikishe kwamba kinasema kweli. Asubuhi ile nilikipeleka, kikasema kweli. Mchana sikukipeleka. Shule iko juu ya kilima, mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope, na kipimo hakijawahi kunidanganya hata siku moja.

Namna tunavyopima kona ya shamba huku ni hii. Majirani wawili wanasimama mahali mpaka ulipo. Kwa kawaida pana mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe ambao Wahangaza huuita umuyenzi na kuupanda kwenye mipaka. Kila mmoja anaweka mkono juu ya mmea huo na kusema, "Hapa." Wote wakishasema, ndipo mpimaji anasimamisha fimbo yake. Mimi nilikuwa nikiona utaratibu huo kama maigizo. Nilishawaambia wajumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji, na sikusema kwa kunong'ona, kwamba mkono juu ya mti si ushahidi, na kwamba ningefurahi siku nitakapopima kijiji kizima bila kumuuliza mtu anakumbuka nini.

Mchana huo nilipata nilichokitaka. Kona niliyokuwa naiendea haikuwa na mnyaa. Ng'ombe na mvua vilikuwa vimeumaliza. Upande mmoja alikuwa mama mjane wa makamo, upande wa pili shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mwaka uliotangulia, mnyaa ukiwa bado umesimama, watu waliokuja kabla yangu walikuwa wamepima kona hiyo, na wote wawili walitia dole gumba kwenye karatasi ya namba. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu namba. Kazi yangu ilikuwa kuzifuata hadi mahali pake na kuchomeka mambo, yaani kigingi cha mpaka.

Nilimkuta mama ameketi mlangoni akiipigapiga redio yake kwa kiganja. Ilikuwa redio ya zamani ya masafa mafupi, imefungwa kwa mpira wa tairi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Imenigomea tangu asubuhi," alisema. "Nimetia betri mpya, bado inakoroma tu."

Alikuwa akisikiliza kituo fulani cha mbali kinachotangaza kwa Kirundi, kila siku asubuhi na saa nane mchana, tangu mumewe akiwa hai. Nilimwambia redio za namna ile zimekwisha muda wake, anunue ndogo ya kadi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa anunue mume wa kadi.

Tukaingia shambani. Kati ya nyumba na mpaka kulikuwa na migomba, mibuni kadhaa, na kaburi la mumewe, limesakafiwa kwa saruji, na juu yake msalaba uliochorwa kwa kidole kabla saruji haijakauka. Shemeji alikuwa ametangulia, ameegemea panga. Alikuwa mtu wa mdomo. Alikuwa amepakua mizigo ya malori mpakani Rusumo kwa miaka mingi, na alizungumza kama mtu aliyezoea kushinda kelele za injini.

Mama alionyesha kwa kidole mahali mnyaa ulipokuwa, ng'ambo ya kaburi, nami nikaanza kufuata namba kutoka hapo. Kitone kwenye kioo cha simu, ambacho siku zote hutulia kama nzi aliyepata sukari, siku hiyo kilikuwa kinatembea. Setilaiti zilizokuwa zikisikika kumi na sita zikawa kumi na moja, zikawa nane, zikarudi kumi. Nilifikiri ni majani ya migomba, maana majani mapana yenye maji huzuia mawimbi, kila mpimaji anajua. Nikangoja dakika kumi, nikaruhusu kipimo kitafute wastani. Kitone kikatulia. Nikafuata, hatua kwa hatua, mpaka simu ikalia kwamba nimefika.

Nilikuwa nimelipita kaburi nikirudi nyuma. Nilikuwa nimesimama upande wa nyumba, hatua sita ndani ya mahali ambapo mama alikuwa ameonyesha kwa kidole. Kaburi lilikuwa nyuma yangu, kwa shemeji.

Kisha mama akasema, polepole, "Mwanangu, hapo ni ndani."

Nilimjibu kwamba kumbukumbu ya mtu husogea, hasa kuelekea kwenye kitu anachokipenda. "Namba hazina upande, mama," nilisema. Nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo. Nikachomeka mambo.

Shemeji aliizunguka ile mambo mara mbili. Nadhani hata yeye hakuwa ametarajia. Halafu akacheka. "Haya shemeji," alisema, "ukitaka kumsalimia marehemu, sasa utapiga hodi kwangu. Ila uje na kuku."

Akasema kesho kamati ikishapitisha atazungushia ua na kupanda parachichi upande wote huo. Palepale akatoa kamba ya katani akaifunga kutoka kwenye mambo hadi kona ya chini. Kamba ilipita upande wa nyumba, ikaliacha kaburi ng'ambo. Mama hakulia. Aliokota redio yake aliyokuwa ameiweka juu ya saruji ya kaburi, akaifuta kwa kitenge, akarudi ndani.

Kamati ilikuwa ikae kesho yake saa tatu. Wakishapitisha, ramani inakwenda wilayani, na kuibadilisha baada ya hapo ni kesi ya baraza la ardhi, ya mwaka au miaka. Mama yule hakuwa mtu wa kwenda Ngara mjini kila mwezi kukaa kwenye benchi la baraza.

Nilirudi chumbani mapema. Kwenye kundi la niliosoma nao chuo, mmoja alikuwa ametuma picha za anga jekundu na la zambarau, kutoka nchi za mbali ambako anga halina desturi ya kuwa hivyo. Aliandika kwamba jua limetema wingu kubwa la chembe, limefika duniani tangu asubuhi, na akauliza kwa utani kama vipimo vya wapimaji vimelewa. Nilitabasamu, na vidole vyangu vilikuwa tayari kuandika jibu kama lile nililompa shangazi. Kisha nikakumbuka kile kitone kinachotembea.

Nitasema ukweli kuhusu hofu niliyoipata hapo. Sikuogopa jua. Niliogopa kwamba nilitaka iwe kweli. Tangu nilipotoka shambani nilikuwa na picha ya mama akiifuta redio, na sasa nilikuwa nimeletewa kisingizio kizuri kutoka mbali sana, kisichoweza kuitwa shahidi. Mtu anayehitaji kisingizio hukikuta popote. Tena bado kulikuwa na majani ya migomba. Njia ilikuwa moja tu: kukipeleka kipimo mahali pasipo na jani hata moja, kwenye kitu ambacho hakisogei.

Nilipanda ule mlima niliouhepa mchana, pikipiki ikiteleza, nikafika uwanja wa shule kama saa kumi na moja. Watoto walikuwa wameshaondoka. Anga lilikuwa wazi pande zote, kilima baada ya kilima hadi upande wa Burundi. Nilisimamisha fimbo juu ya msumari wa chuma ulio katikati ya zege.

Kipimo kiliniambia niko hatua tano mbali na pale nilipokuwa nimesimama. Nikangoja. Kikasema hatua nne, na upande mwingine. Nikakizima, nikakiwasha. Hatua saba. Msumari ulikuwa chini ya fimbo yangu, naugusa kwa kiatu.

Niliketi juu ya zege. Jua lilikuwa linashuka, la kawaida kabisa, halina dalili yoyote ya kosa.

Mambo haya nilikuwa nimeyasoma, nikayajibia mtihani, nikayaweka mahali mtu anapoweka vyeti. Jua halitoi mwanga na joto tu. Linapuliza pia upepo wa chembe zenye umeme, na siku nyingine upepo huo unakuja kwa kishindo. Sumaku ya dunia huukinga, lakini ukiwa mkali ngao hiyo inatikiswa, na mtikisiko unashuka hadi kwenye hewa nyembamba iliyoko juu sana, juu ya mawingu na juu ya ndege, ambako hewa yenyewe ina chaji ya umeme. Kwa kawaida hewa hiyo hupanda na kushuka kwa utaratibu wa mchana na usiku. Siku ya dhoruba inavimba mahali pamoja, inatoboka mahali pengine, inakwenda mawimbi mawimbi. Sauti ya setilaiti lazima ipite humo ili ifike chini. Kipimo changu hujua umbali kwa kuhesabu muda ambao sauti imetumia njiani, na muda huo ukichelewa kwa kiasi kidogo kisichofikirika, ardhini zinakuwa hatua sita. Sisi wa Kagera tumekaa pabaya zaidi. Hewa hiyo yenye chaji hurundikana katika nundu mbili, kaskazini na kusini ya mstari wa ikweta ya sumaku, unaopita juu huko Ethiopia. Nundu ya kusini iko karibu na juu ya vichwa vyetu.

Na redio za masafa mafupi hazisikiki kwa kuona mnara. Sauti yake hupanda, inagonga tabaka hilo hilo, inarudi chini upande wa pili wa nchi. Tabaka likivurugika, sauti haina pa kugonga. Inabaki kukoroma.

Mama alikuwa ameniambia. Alikuwa ameniambia mlangoni, kabla sijashusha fimbo begani, kwamba angani kuna kitu hakiko sawa na kwamba si betri. Nami nikamshauri anunue ya kadi.

Nilichokuwa sina bado ni jibu. Kujua kwamba kipimo kimekosea si kujua mpaka uko wapi. Sikuweza hata kutoa kosa la shuleni kwenye namba ya shambani, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa linahama kila nilipopepesa macho. Inawezekana mama alikuwa sahihi. Inawezekana shemeji alikuwa amepata haki yake kwa bahati. Kesho saa tatu ningesimama mbele ya watu ambao kumbukumbu zao nilizidharau, na kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi ni kwamba sijui.

Kulipokucha nilipita kwa mama kwanza. Nilimweleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokuwa kigumu nikajaribu Kisubi changu, naye akanirudishia kwa Kihangaza, tukaelewana njia nzima isipokuwa neno chaji. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikumwahidi kitu kuhusu kaburi.

"Kwa hiyo redio yangu ni nzima," alisema.

Nikasema huenda. Akaiwasha. Ilikoroma.

Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameshaweka kidau cha wino mezani. Niliomba kusema kabla hajafungua daftari. Nilisema kipimo cha jana kwenye kona ile si cha kutegemewa, nikasema kwa sababu gani, nikasema pia kwamba mchana sikukihakiki shuleni kama kanuni inavyotaka, na kwamba hilo si kosa la jua.

Watu walicheka kidogo, hasa waliokaa dirishani. Mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza kama ninasema kwamba jua limesogeza shamba. Nikajibu kwamba shamba liko palepale, ni mimi niliyesogezwa.

Shemeji alisimama. "Bwana mpimaji," alisema, "jana ulisema namba hazina upande. Leo zimepata upande? Au jana usiku kuna mtu amekupikia?"

Kicheko kikawa kikubwa. Mama alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono juu ya mapaja, akitazama kidau cha wino. Niliona kwamba kama nikijitetea mimi, yeye atapoteza. Nikasema shemeji ana haki ya kuuliza. Nikamwalika yeye mwenyewe apande nami shuleni sasa hivi, ashike fimbo kwa mkono wake.

Mwenyekiti akauliza hali hiyo itachukua siku ngapi kutulia. Nikasema sijui.

"Basi tutajuaje kwamba imetulia?"

Nikasema kila asubuhi tutakipeleka kipimo kwenye nguzo, mimi, mjumbe mmoja na shemeji, na siku kitakapoutaja msumari mahali ulipo, mara tatu mfululizo, tutakwenda shambani.

"Na redio," mama alisema.

Watu waligeuka. Hakuona haya. Wachache wakaanza kucheka, wakaniangalia, wakaona mimi sicheki. Mwenyekiti akamtazama mama, akanitazama mimi. Kisha akafunika kidau. Alitupa siku tatu. Baada ya hapo, alisema, namba ya karatasi itapita kama ilivyochomekwa, kwa kuwa kijiji hakiwezi kungoja jua.

Mchana msimamizi wangu alipiga simu kutoka Ngara mjini. Alizungumza muda mrefu kuhusu ratiba, na muda mfupi kuhusu mkataba wangu, na huo mfupi ndio nilioukumbuka.

Asubuhi iliyofuata tulipanda watatu. Hatua mbili na nusu, kisha mbili, kisha tatu. Shemeji alishika fimbo mwenyewe, akaukanyaga msumari, akaitazama simu, akautazama msumari tena. Hakutania. Tuliposhuka aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama basi siku zile mizigo ya Rusumo ilipokuwa ikipimwa kwenye mizani nayo ilikuwa inasumbuliwa na jua. Nikamwambia mizani haisikilizi setilaiti. Akasema alitaka kuhakikisha tu. Lakini kamba yake aliiacha ilipo.

Siku ya tatu sikuweza kunywa chai. Nilikuwa nawasha pikipiki nilipomwona mama amesimama kando ya njia, amejifunga kitenge mpaka kifuani, redio imebanwa kwapani. Ilikuwa inaongea. Mtangazaji alikuwa anasoma habari kwa Kirundi, sauti ikizama na kuibuka, lakini ilikuwa sauti ya mtu. Aliiinua kidogo ili niisikie vizuri. Nilijiambia kwamba redio kusema si uthibitisho, kwamba vitu viwili vinaweza kupona kwa sababu mbili. Hata hivyo nilipanda ule mlima mbio.

Kipimo kiliutaja msumari. Kosa lilikuwa chini ya shubiri moja. Mara ya pili vivyo hivyo, mara ya tatu vivyo hivyo.

Shambani nilimpa shemeji fimbo. Nilisema mimi nitasoma tu. Alitembea kufuata sauti yangu, mbele kidogo, kulia, mbele tena, na mama akimfuata nyuma kwa nyuma. Alilipita kaburi, akielekea upande wake mwenyewe. Nikasema simama. Alikuwa hatua moja tu ng'ambo ya saruji.

Tulirudia mara tatu, akiwa yeye na fimbo, kisha mjumbe, kisha mimi. Hatua moja. Mahali ambapo mama alikuwa ameonyesha kwa kidole palikuwa mbele zaidi, na kati ya hapo na fimbo kulikuwa na mashina mawili ya migomba aliyoyapanda mwenyewe. Hayo hayakuwa yake. Nilimweleza, na sikumwambia chochote kuhusu kumbukumbu. Aliyatazama mashina, akalitazama kaburi, akatikisa kichwa kukubali. Aliomba tu mkungu uliokuwa umekomaa kwenye shina moja aukate kwanza. Shemeji akaukata mwenyewe kwa panga, akauweka begani, akaupeleka hadi mlangoni kwa mama. Kisha akarudi kufungua kamba.

Mjumbe alikuwa amekuja na kijiti cha mnyaa. Mama na shemeji wakakishika wote wawili, mikono minne juu ya mmea mmoja unaotoa utomvu, wakauchomeka kwenye shimo. "Hapa," alisema mama. "Hapa," alisema shemeji. Ndipo nikasimamisha fimbo na kuandika namba, na safari hii nilingoja wamalize kusema.

Jioni nilimwandikia shangazi, peke yake, si kwenye kundi. Nilimwambia kwamba ule ujumbe bado ni uongo na simu asizime. Nilimwambia pia kwamba siku ile angani kulikuwa na jambo kweli, na kwamba sikupaswa kumjibu vile mbele ya watu. Alijibu baada ya saa nzima, akiniuliza kama nimekula.

Niliporudi kumsainisha mama karatasi, saa nane ilikuwa imefika. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji ya kaburi, upande wake wa mpaka, redio iko juu ya msalaba. Alinionyesha kwa kidole ningoje, habari ziishe kwanza.